UKURASA WA FUNDI: Mama hasikiki ndani ya wimbo

Wengi wenu munaosoma ukurasa huu muko Misisi, Kamituga na kwenye machimbo mengine, na munajua kwamba wimbo unaorekodiwa huku kwetu Uvira, kando ya ziwa, unafika kwenu ndani ya simu kabla hata waimbaji hawajamaliza kukunja sare zao. Basi mwezi huu tuzungumze juu ya kazi ambayo vijana wetu wenye studio ndogo za nyumbani wanaifanya mwishoni kabisa, wakiwa wamechoka, na kwa hiyo wanaifanya vibaya: kuunganisha vyombo vya studio na redio kubwa ya sterio, ili kusikiliza kama miksaji imekaa sawasawa.

Kijana mmoja wa Kavimvira aliniuliza: «Papa fundi, waya niuchomeke wapi? Na kwa nini nijisumbue, mimi niko na kaske nzuri?» Swali la kwanza ni rahisi. La pili nitalijibu kwa kusema aibu yangu mwenyewe, maana sitaki na wewe upitie pale nilipopita.

Kwaya moja ya mtaa wetu ilikuja kurekodi kwangu nyimbo sita. Pesa zilikuwa za michango. Wamama wanaouza ndagala walitoa kidogo kidogo kila juma mpaka zikatimia. Katika wimbo wa nne, sauti ya kuongoza ilikuwa ya mama mmoja wa soprano, mtu mzima, mwenye wajukuu. Kijana wake wa kwanza yuko Misisi kwenye shimo la dhahabu, na wakati ule ilikuwa mwaka wa tatu bila yeye kurudi. Yule mama hakunificha. Aliniambia: «Fundi, wengine wanaimba kwa ajili ya kanisa lote. Mimi huu mmoja namuimbia mtoto wangu. Uniweke vizuri.»

Nilimweka vizuri. Kwaya nyuma, wanaume upande wa kuume, wanawake upande wa kushoto, kinanda kimetandazwa pande zote mbili, na mama katikati, peke yake, karibu na sikio. Kwenye kaske yangu ilikuwa kama amekaa mbele yako. Halafu nikafanya lile jambo linaloshauriwa na kila fundi: nikachukua kompyuta na vyombo vyangu, nikaenda nyumbani kwa mwenyekiti wa kwaya, mtaani Mulongwe, kusikiliza kwenye redio yake kubwa ya sterio yenye bafle mbili.

Pale mambo yakageuka. Sauti ya mama ilikuwa nyembamba, haina mahali. Huwezi kusema inatoka kushoto, kuume wala katikati. Gitaa la besi limekauka. Nikahangaika karibu saa nzima. Mwishowe, kwenye programu ya kompyuta, nikabonyeza kile kitufe kinachogeuza upande mmoja wa sauti kuwa kinyume. Papo hapo besi ikarudi, na mama akasimama katikati ya bafle mbili, imara. Mwenyekiti akapiga makofi. Nami nikafurahi, bila kujiuliza kwa nini. Usiku niliposikiliza tena kwenye kaske, nikaona sauti ya mama imekaa vibaya, kama imegawanyika masikioni. Nikajiambia: kaske ni ya fundi, redio ni ya watu. Nikafuata redio. Kesho yake nakala zikaenda kwenye kadi za simu, zikapanda lori, zikapita Baraka na Fizi.

Baada ya juma moja, simu ikalia kwa yule mama. Alinieleza mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni kwangu, na sitasahau sura yake. Mtoto alikuwa amemwambia: «Mama, bote nabasikia, weye njo sikusikii.»

Wote wanasikika, mama tu hasikiki. Nilichukua simu yangu, nikapiga wimbo kwa spika ndogo ya simu, bila kaske. Ilikuwa kweli. Kwaya ipo, kinanda kipo, kayamba zipo. Lakini pale mama anapoanza kuongoza, palikuwa na shimo. Alikuwa anafungua kinywa na hakuna kitu kinachotoka. Hata besi imekwenda naye.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye elimu ya leo.

Ndani ya bafle kuna ngozi, ile karatasi ya duara inayotikisika. Umeme ukija upande mmoja, ngozi inasukuma hewa mbele; ukija kinyume, inarudi nyuma. Katika redio ya sterio, sauti iliyowekwa katikati inatoka kwenye bafle zote mbili sawasawa, na ngozi zote mbili lazima ziende mbele pamoja na kurudi pamoja. Kama waya za bafle moja zimegeuzwa, nyekundu mahali pa nyeusi, ngozi moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Fikiria watu wawili na mtumbwi mmoja mchangani: mmoja anasukuma kwenda majini, mwingine anavuta kwenda kijijini. Wote wanatoa jasho na mtumbwi haundoki. Chumbani sauti haipotei kabisa, maana bafle ziko mbali moja na nyingine na kuta zinarudisha mwangwi, lakini inakuwa nyembamba, na besi ndiyo inayoumia kwanza.

Redio ya mwenyekiti ilikuwa na ugonjwa huo. Munakumbuka mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipoacha njia yake na kuingia majumbani, na watu wetu wengi wakafa. Redio hii ilinyeshewa siku zile. Watu wa nyumbani walifungua bafle, wakazianika juani, wakarudisha waya kwa kukisia. Miaka yote hiyo ilikuwa inaimba hivyo, na hakuna aliyejua, maana muziki ulikuwa unasikika na watu walishukuru tu kwamba imepona.

Mimi nikaja na wimbo mzima, nikauona mgonjwa. Badala ya kutibu redio, nikaugeuza wimbo ulingane na redio. Kinyume juu ya kinyume ikawa sawa, lakini ndani ya nyumba ile peke yake. Kwa sababu simu nyingi za bei ndogo ziko na spika moja, na simu ya namna hiyo inajumlisha upande wa kushoto na wa kuume kuwa kitu kimoja. Jumlisha moja na kinyume cha moja: jibu ni sifuri. Kila kilichokuwa katikati kabisa kilifutika. Mama alikuwa katikati kabisa.

Wazazi wetu wa Katanga hawakuwa na taabu hii. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita katika miji ya machimbo, na kule Jadotville, ambako leo tunaita Likasi, akamrekodi Mwenda Jean Bosco na gitaa lake. Tracey alikuwa na desturi ya kushika mikro kwa mkono wake, akiisogeza kidogo huku na kule kutafuta mizani kati ya sauti na gitaa. Miksaji yake ilikuwa mkono wake. Sauti ilikuwa moja tu, mono, na sahani za santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilipigwa kwenye mashine zenye mlango mmoja wa sauti. Kilichoingia ndicho kilichotoka. Sisi tuna pande mbili, na mahali penye pande mbili zinaweza kugombana.

Na kwa nini basi tusikilize kwenye redio ya nyumbani, kama inaweza kutudanganya hivi? Kwa sababu kaske nayo inadanganya, kwa namna yake. Ndani ya kaske sikio la kushoto halisikii kabisa upande wa kuume, na hakuna ukuta wala bati. Watu hawasikilizi hivyo. Hata studio kubwa za Ulaya na Marekani zinafanya kama sisi. Mwaka 1978 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa bafle ndogo inayoitwa NS-10, yenye ngozi nyeupe. Iliuzwa kama bafle ya nyumbani, ya kusikiliza muziki sebuleni. Mafundi wa studio wakaichukua, wakaiweka juu ya meza zao, na mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 2001 ilikuwa imeonekana karibu kila studio yenye jina. Wengi hawakuisifu kwa utamu. Walisema haina besi ya kutosha na inakwaruza masikio. Lakini sauti mbaya haikuweza kujificha ndani yake. Wewe hauhitaji kununua hiyo. Redio ya shangazi yako inatosha, mradi uijue tabia yake kabla ya kuiamini.

Sasa waya. Kijana wa Kavimvira, chukua kalamu.

Zima redio kwanza, au angalau shusha sauti mpaka sifuri. Nyuma ya redio tafuta tundu mbili, moja nyekundu na moja nyeupe, palipoandikwa AUX, au LINE IN, au CD, au TAPE IN. Zote hizo zinakubali sauti ya kompyuta au ya kisanduku cha sauti. Redio nyingine ndogo ina tundu moja tu jembamba mbele, la milimita 3,5. Hilo nalo ni AUX. Ukiona palipoandikwa PHONO, usiguse. Tundu lile ni la mashine ya kupigia sahani, ambayo sauti yake ni dhaifu sana, na ndani yake redio inakuza sauti karibu mara 100 na kuiongezea besi zaidi. Ukichomeka studio yako pale utasikia mngurumo kama lori inapanda Kalundu, na unaweza kulaumu miksaji yako bure. Tundu la mikro vilevile, hapana.

Jambo lingine la hatari zaidi. Nyuma ya redio kuna mahali pa kufungia waya za bafle. Pale panatoka umeme wa nguvu, wa kutikisa ngozi. Nimeona kijana akichukua waya kutoka pale na kuuingiza kwenye kisanduku chake cha sauti ili «arekodi kutoka redio». Kisanduku kilitoa harufu mara moja, na hakikutoa tena kitu kingine. Njia ni moja: kutoka studio, kuingia AUX. Bafle inabaki na kazi yake.

Upande wa studio, kisanduku cha sauti kwa kawaida kina tundu mbili kubwa nyuma, za jeki ya milimita 6,35: moja ya kushoto, moja ya kuume. Nunua waya mbili, kila mmoja una jeki kubwa ya mono upande mmoja na fishi ya RCA upande mwingine. Kushoto kwenye nyeupe, kuume kwenye nyekundu. Kama kitabu cha kisanduku chako kinakataza jeki ya mono kwenye tundu zile, fuata kitabu. Kama huna kisanduku, unatumia tundu la kaske la kompyuta, basi tafuta waya wenye jeki moja ndogo ya sterio inayogawanyika kuwa RCA mbili. Waya huu unauzwa kwa bei ndogo karibu kila duka la vyombo vya simu sokoni. Lakini usichukue milango miwili ya kutokea, kushoto na kuume, ukaifunga kwenye tundu moja kwa kuunganisha waya uchi. Milango miwili ya kutokea ikikutana hivyo inasukumana, na hakuna anayeshinda.

Juu ya nguvu ya sauti: vyombo vya kazi na vyombo vya nyumbani havisemi kwa kipimo kimoja. Kipimo cha kawaida cha vyombo vya studio ni volti 1,23 hivi. Cha vyombo vya nyumbani ni volti 0,32 hivi. Ni karibu mara nne. Ndiyo maana nasema anza na sifuri, upandishe polepole. Ukisikia redio inakwaruza hata kama sauti yake iko chini, shusha kwenye kisanduku, si kwenye redio. Wakati wa kuwasha, redio iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, iwe ya kwanza. Ukibadilisha utaratibu huo bafle itapiga «tup!», na siku moja ile «tup» itaondoka na ngozi.

Mungurumo je? Ule «mmmm» usiokwisha, hata wimbo ukisimama. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na kompyuta na redio zikichukua umeme kwenye ukuta tofauti, unaweza kupata njia ya kuzunguka ndani ya waya zako za sauti. Chomeka vyote kwenye rala moja. Kama bado, ondoa chaja ya kompyuta, uisikilize kwa batri. Mara nyingi ule «mmmm» unakata hapo hapo. Kuna mafundi wanaoshauri kukata waya wa ardhi kwenye fishi. Usiwasikilize. Waya ule umewekwa ili wewe usiwe waya wa ardhi.

Kabla ya kupiga wimbo wako, pima redio. Hiki ndicho kitu ambacho mimi sikufanya. Tazama nyuma ya bafle zote mbili: nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi. Kama rangi zimefutika, kama ile ya mwenyekiti, toa waya za bafle kwenye redio, chukua jiwe moja la tochi la volti 1,5, na gusa waya mbili kwenye ncha za jiwe kwa nukta moja tu, huku ukitazama ngozi kubwa. Kama ngozi imeruka mbele, waya uliogusa kichwa cha jiwe, upande wa kujumlisha, ndio mwekundu. Kama imerudi nyuma, ni kinyume. Weka alama kwa kitambaa au rangi ya kucha, fanya bafle ya pili, rudisha waya. Hakuna haja ya kufungua redio yenyewe. Ndani kuna vitu vinavyoshika umeme hata baada ya kuzima. Kazi yote ni dakika kumi. Mimi zilinigharimu zaidi ya hapo.

Halafu piga wimbo wa watu wengine unaoujua vizuri, uliotengenezwa na mafundi wenye uzoefu, kwa sauti ileile utakayopigia wako. Hapo ndipo utajua redio hiyo ina besi nyingi au kidogo. Kama iko kwenye pembe ya nyumba, besi itavimba, maana kuta mbili zinaisukuma, isogeze mbele. Nyumba zetu za sementi zilizoezekwa bati zinapiga mwangwi. Tundika kitenge au simamisha godoro ukutani nyuma yako. Na mvua ikianza, acha. Hakuna miksaji chini ya bati wakati wa mvua.

Zima vitufe vya kuongeza besi, vile vinavyoitwa MEGA BASS, LOUDNESS na jamaa zao, weka besi na treble katikati. Sikiliza. Kisha viwashe vyote, usikilize tena, kwa sababu huko Misisi hakuna hata mmoja atakayevizima! Wimbo lazima uvumilie. Sikiliza kwa sauti ndogo kabisa, ile ya mtoto akilala: maneno yanasikika? Toka nje, simama jikoni au uani, mlango ukiwa wazi. Masikio ya jikoni ni ya kweli sana. Mama aliye na sufuria motoni hatakuambia «frikwensi za katikati zimezidi», atakuambia «kinanda kinamfunika yule mtoto», na mara nyingi amesema kweli. Andika kwenye karatasi, usiguse kompyuta palepale. Ukirekebisha kwa kila redio unayoipata utakuwa kama mimi: wimbo utapendeza nyumba moja na kufa zingine zote. Jambo lililosemwa na redio tatu ndilo la kurekebisha.

Mwisho kabisa, jaribio la mono. Programu nyingi za kurekodi zina kitufe cha MONO kwenye mlango wa kutokea. Ukikibonyeza, sauti ya kuongoza isipungue. Ikizama, kuna upande uliogeuka. Kama huna kitufe, tumia simu ndogo yenye spika moja. Redio ndogo ya FM nayo inatosha kuonyesha: kipokezi cha mono kinachukua jumla ya pande mbili tu, kwa hiyo wimbo wenye kosa kama langu ukipigwa redioni, kila mwenye redio ya mfukoni kutoka Kalundu mpaka Sange angesikia kwaya isiyo na kiongozi.

Nimetaja haya, nikumbuke na jambo moja la makanisani kwetu, maana nimeliona mara nyingi. Mtu anataka kupiga wimbo wa simu kwenye miksa ya kanisa. Anachukua waya wa sterio, jeki kwa jeki, anaingiza kwenye tundu moja la miksa. Kwaya inasikika, kiongozi hasikiki, watu wanasema simu ni mbovu. Simu haina kosa. Tundu lile la miksa linasoma tofauti kati ya waya mbili, linaondoa upande mmoja ndani ya mwingine, na kilicho sawa pande zote kinafutika. Ni lile shimo la yule mama. Dawa ni waya unaogawanya kushoto na kuume, uingize kwenye tundu mbili za miksa.

Na Bluetooth? Kwa kuonja tu, ndiyo. Watu wengi sasa wanasikiliza hivyo, kwa hiyo onja. Lakini sauti inabanwa na inachelewa kidogo, na vibafle vingi vya Bluetooth vinatia besi ya kwao ambayo wewe hukuiweka. Usipimie pale.

Turudi kwa yule mama. Sauti zake zote nilikuwa nimezitunza, kila moja peke yake, kwenye diski ya pembeni. Hiyo ndiyo akili pekee niliyoonyesha katika kazi ile. Kurekebisha kulichukua jioni moja: kitufe kile kile, mara moja. Niligeuza na waya za redio ya mwenyekiti, akashangaa besi aliyokuwa nayo miaka yote bila kujua. Nikalipa mwenyewe kadi mpya, sikuomba kwaya franka moja, nikawaeleza wote kosa lilikuwa la nani. Wamama walinyamaza kidogo. Mmoja tu akasema: «Ndagala zetu, fundi,» akacheka, nami sikucheka.

Kijana wa Misisi alipata nakala nzuri. Alimpigia mama yake usiku, na mazungumzo yao ni yao.

Lakini nakala ya kwanza sikuweza kuirudisha. Wimbo ukishaingia kwenye simu moja, kesho uko kwenye ishirini. Juzi nilipanda moto kutoka bandarini Kalundu. Dereva alikuwa na simu imefungwa kwenye usukani, inaimba. Niliutambua wimbo kwa kinanda, nikangojea, na mahali pa mama palikuwa na shimo. Nikamwomba asimame chini ya mwembe. Akafikiri nimeangusha kitu. Nikamwambia anipe simu yake, nikamtumia wimbo ule mzuri, tukausikiliza pamoja motokari zikipita. Mama alipoanza, dereva aliinama karibu na simu, akanitazama.

«Kumbe muna mutu anaimbaka mule!»

Tukaurudia tangu mwanzo, kisha akawasha moto.